Nyumba ya Bibi Aisha (R.A.) na Vitu Vilivyotoka Ndani Yake



Wazee wetu, ndugu zetu na wanafunzi wetu wa madrasa. Katika mitaa yetu ya Waislamu, iwe Buyenzi kule Bujumbura, Biryogo kule Kigali au kwingineko, nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya watu kumi leo zinakaliwa na mtu mmoja. Mzee ametangulia mbele ya haki, mabinti wameolewa, vijana wametafuta riziki mbali, na bibi amebaki na vyumba vinne. Kuna kabati la vyombo ambavyo havijatoka tangu harusi ya mtoto wa mwisho. Kuna sanduku la kanzu za marehemu. Kuna magodoro yaliyopangwa hadi karibu na dari kwa ajili ya wageni ambao hawaji tena. Kisha siku moja mtoto mmoja anasema: mama, hii nyumba tuipunguze vitu, au tuiuze, uhamie pengine padogo. Hapo maneno huanza.

Masuala ya namna hii huletwa kwa masheikh yakiwa yameshageuka ugomvi. Mmoja anadai mama anagawa ovyo. Mwingine anadai kaka yake ameuza kabati bila ya ruhusa. Wachache sana huja kuuliza mapema, na wachache zaidi hukumbuka kumuuliza yule bibi mwenyewe anataka nini kibaki na nini kitoke.

Kwa hiyo leo, badala ya kuanza na hukumu za mirathi, tuitazame historia ya nyumba moja. Mwenye nyumba hiyo aliishi ndani yake zaidi ya miaka hamsini, na karibu miaka arobaini na saba kati ya hiyo aliishi akiwa mjane asiye na mtoto. Nyumba ile ilipungua mikononi mwake, vitu vyake na hata nafasi yake. Jamaa zake nao waliingilia kati, wakavutana naye, na kisa chao kimehifadhiwa katika Sahihi Bukhari. Tunazungumzia nyumba ya mama wa Waumini, Bibi Aisha bint Abubakar (R.A.).

Chumba chenyewe

Tuanze na ukubwa, kwa sababu wengi wetu tukisikia "nyumba za Mtume (S.A.W.)" tunaona akilini majumba. Vilikuwa vyumba vilivyopakana na msikiti wa Madina, na Sura ya 49 ya Qur'ani, Al-Hujurat, imepata jina lake kutokana navyo. Baadhi vilijengwa kwa matofali ya udongo, na baadhi kwa makuti yaliyokandikwa udongo. Milangoni palining'inizwa mapazia ya singa. Daud bin Qays, aliyeviona, alikadiria kuwa chumba cha ndani kilikuwa na dhiraa kumi hivi, yaani kama mita tano. Hasan al-Basri, aliyezaliwa mwaka 21 H na kukulia Madina, alisimulia kwamba alipokuwa kijana katika ukhalifa wa Uthman (R.A.) alikuwa akiingia katika vyumba hivyo na kuigusa dari kwa mkono wake.

Bibi Aisha mwenyewe ametuachia kipimo kingine, ambacho mimi hukipenda kuliko dhiraa zote. Amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) akiswali usiku, yeye alikuwa amelala mbele yake upande wa kibla. Mtume akitaka kusujudu humgusa, naye hukunja miguu. Akisimama, yeye huinyoosha tena. Akaongeza kuwa siku zile nyumba hazikuwa na taa. Hicho ndicho kilichokuwa chumba cha kulala, cha kuswalia, cha kupokelea wageni na cha kuteremshiwa wahyi.

Na vilivyokuwamo? Tandiko la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende. Rafu. Kiriba na vyombo vichache. Kuna wakati alitundika pazia jembamba lenye picha, Mtume (S.A.W.) akalikataa, naye akalichana akashona mto au mito miwili ya kuegemea. Wenye kushona nyumbani wataelewa kuwa kitambaa hakikutupwa, kilipewa kazi nyingine.

Alipofariki Mtume (S.A.W.) mwaka 11 H (632), chakula kilichokuwemo katika chumba kile kilikuwa shayiri kidogo kwenye rafu. Bibi Aisha amesimulia kuwa aliila muda mrefu bila ya kuisha, mpaka siku alipoipima, ikaisha.

Chumba kinapungua

Mtume (S.A.W.) alizikwa pale pale alipofia, ndani ya chumba cha mkewe. Tutafakari jambo hili kama watu wa nyumbani na tusilipite kama tarehe tu ya kukariri. Mwanamke kijana amefiwa na mume, na kaburi la mume limo ndani ya chumba anacholala. Hakuhama. Mwaka 13 H (634) akafariki baba yake, Abubakar (R.A.), naye akazikwa humo humo ubavuni mwa Mtume. Chumba cha dhiraa kumi sasa kina makaburi mawili.

Kisha mwaka 23 H (644) Umar bin Khattab (R.A.) akachomwa jambia akiwa anaswalisha Alfajiri. Alipojua hatapona, alimtuma mwanawe Abdullah kwa Bibi Aisha, akamwagiza asimtaje kwa cheo cha Amirul Muuminina, kwa kuwa siku hiyo hakuwa tena amiri wa Waumini. Aseme tu kwamba Umar anamsalimia na anaomba ruhusa azikwe pamoja na wenzake wawili. Abdullah alimkuta amekaa analia. Bibi Aisha akajibu kuwa nafasi ile alikuwa ameikusudia nafsi yake, lakini leo atamtanguliza Umar mbele ya nafsi yake.

Umar aliposikia alimshukuru Allah, akasema hakukuwa na jambo lililomshughulisha zaidi ya hilo. Halafu akatoa agizo la pili, na hapa naomba kila mtoto mwenye mama mzee asome polepole. Aliagiza kwamba akishafariki, jeneza lipelekwe hadi mlangoni na ruhusa iombwe upya. Akikubali aingizwe, akikataa arudishwe kwenye makaburi ya Waislamu. Alichelea kwamba huenda Bibi Aisha alikubali mara ya kwanza kwa kumstahi tu kwa kuwa yeye ni khalifa. Dola nzima ilikuwa mikononi mwake, lakini kwa mahali padogo ndani ya nyumba ya mjane aliomba mara mbili, na mara ya pili akiwa maiti ili asiogopwe wala kuonewa haya.

Sisi tunauza kabati la mama akiwa hospitali.

Baada ya Umar kuzikwa, hali ya nyumba ilibadilika. Mtume (S.A.W.) alikuwa mume wake na Abubakar baba yake, kwa hiyo alikuwa huru ndani ya chumba. Umar hakuwa maharimu wake. Imepokewa kwamba tangu siku hiyo alijistiri kwa nguo zake kamili kila aingiapo upande wa makaburi, mpaka ulipojengwa ukuta wa kutenganisha. Imam Malik amesimulia kuwa nyumba ya Bibi Aisha iligawanywa sehemu mbili, moja ya kaburi na moja ya kukaa yeye, kati yake pana ukuta. Yaani kile chumba ambacho mume akisujudu mke hukunja miguu, sasa amebakiwa na sehemu yake tu. Na humo alikaa zaidi ya miaka thelathini, ukiacha safari za Hija na ile safari ya Basra ya mwaka 36 H.

Tusidhani lakini kuwa alikuwa mpweke. Wanafunzi walikuja kutoka Iraq na Sham kuuliza, naye akiwajibu kutoka nyuma ya pazia. Alimlea mtoto wa kaka yake, Qasim bin Muhammad, aliyekuja kuwa mmoja wa mafakihi wakubwa wa Madina. Qasim huyo ndiye aliyewahi kumwomba, akimwita mama, amfunulie makaburi ayaone. Akamfunulia, akaona makaburi matatu, si ya kuinuka sana wala si ya kulingana na ardhi, yametandazwa changarawe nyekundu.

Nguo ya dirham tano

Nje ya chumba kile dunia ilikuwa imebadilika. Mali za Uajemi na Sham zilikuwa zikimiminika Madina. Umar aliwawekea wake wa Mtume posho kubwa kila mwaka, na watawala waliofuata walileta zaidi. Madina ile ile iliyokula tende na maji ikaanza kuwa na nyumba za ghorofa, hariri na vijakazi wa kila jinsi.

Bukhari amepokea kisa cha Ayman al-Makki, aliyeingia kwa Bibi Aisha akamkuta amevaa kanzu ya kitambaa kinachoitwa qitri, yenye thamani ya dirham tano. Bibi Aisha akamwambia amtazame yule kijakazi wake, kwamba anaona fedheha kuivaa nguo ile hata ndani ya nyumba. Na zamani, katika zama za Mtume (S.A.W.), alikuwa na kanzu kama hiyo, na hapakuwa na mwanamke anayepambwa Madina ila hutuma kwake kuiazima.

Nguo moja ya arusi kwa mji mzima. Baadaye mtumishi anaionea aibu. Anayetaka kufahamu vitu hujaaje nyumbani mwa watu, na makabati yetu yamefikaje hapa yalipo, hana haja ya kitabu kirefu. Urwa bin Zubayr, mtoto wa dada yake, amesimulia kuwa alimwona akigawa sabini elfu huku nguo aliyovaa yeye ina viraka.

Lakini tusimfanye Bibi Aisha kuwa mtu aliyechukia vitu. Abu Burda, mtoto wa Abu Musa al-Ash'ari, alimtembelea, naye akawatolea vitu viwili: shuka nzito ya aina inayofumwa Yemen, na nguo nene ya kujifunika yenye viraka. Akaapa kuwa Mtume (S.A.W.) alifariki akiwa ndani ya nguo mbili hizo. Alikuwa pia na juba ya Mtume. Vyote hivi alivitunza miaka yote. Maelfu ya dirham yaliingia asubuhi na kutoka kabla ya magharibi, lakini nguo yenye viraka ilibaki. Yeye ndiye aliyejua kipi ni cha kutoka na kipi ni cha kubaki. Mtu mwingine angeingia mle kufanya usafi, ningechelea angeanza na ile nguo yenye viraka.

Kuuza nyumba ukiwa ungali ndani

Ibn Saad, mwandishi wa Tabaqat, amepokea habari ambayo wengi hawaijui. Kwamba Muawiya alinunua kwa Bibi Aisha nyumba yake kwa dirham 180,000, na wengine husema 200,000, kwa sharti kwamba aendelee kukaa humo maisha yake yote. Fedha zikaletwa, naye hakuondoka pale alipokaa mpaka akazigawa zote. Riwaya nyingine inasema mnunuzi alikuwa Abdullah bin Zubayr, mtoto wa dada yake Asmaa, na kwamba fedha zilibebwa na ngamia watano, kwa sharti lile lile. Alipomaliza kugawa, mtu mmoja akamwambia laiti angewabakishia japo dirham moja. Akajibu kuwa lau wangemkumbusha angefanya hivyo.

Katika habari hiyo hiyo tunaelezwa kuhusu vyumba vya wenzake. Bibi Sauda (R.A.) aliusia chumba chake apewe Bibi Aisha. Chumba cha Bibi Safiyya (R.A.) kiliuzwa na mawalii wake kwa Muawiya kwa dirham 180,000. Chumba cha Bibi Hafsa (R.A.) kilirithiwa na kaka yake Abdullah bin Umar, ambaye hakuchukua malipo yoyote kilipoingizwa msikitini. Wanazuoni wamehitilafiana kama vyumba hivi vilikuwa milki ya wake wa Mtume au walikuwa na haki ya kukaa tu, kwani Manabii hawarithiwi. Wanaosema milki hutumia habari hizi za kuuza na kuusia. Wanaosema haki ya makazi huonyesha kuwa mwisho wake vyote viliingizwa msikitini.

Wanafunzi wetu wa fiqhi watauliza: je, inasihi kuuza nyumba na kushurutisha kuendelea kukaa? Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi wa ukanda huu, sharti la namna hiyo haliruhusiwi katika mauzo. Katika madhehebu ya Imam Ahmad muuzaji anaweza kubakiza manufaa kwa muda unaojulikana, na hoja yao ni hadithi ya Jabir (R.A.) aliyemuuzia Mtume (S.A.W.) ngamia njiani akashurutisha ampande mpaka Madina. Muda wa "maisha yake yote" haujulikani, na hapo mjadala huwa mkubwa zaidi. Mwenye haja na muamala huu asijitolee fatwa kwa makala hii, amwendee mwanachuoni wa mji wake na aandike mkataba mbele ya mashahidi. Ninachotaka kionekane hapa ni kitu kingine: mzee anayeuza nyumba yake, akajilinda asitolewe ndani yake, na fedha akazitumia anavyotaka akiwa hai na akili zake timamu, si jambo geni katika historia yetu.

Ugomvi wa mpwa na mama yake mdogo

Sasa tufike kwenye ule mvutano. Abdullah bin Zubayr alikuwa kipenzi cha Bibi Aisha. Hakuwa na mtoto, na Mtume (S.A.W.) alimpa kunya ya Ummu Abdillah kwa ajili ya mpwa wake huyu. Kijana naye alimpenda. Lakini alipoona mali inavyotoka, alishindwa kunyamaza. Bukhari amepokea kwamba Bibi Aisha aliuza kitu au alitoa kitu, na katika baadhi ya riwaya alizozitaja Ibn Hajar ilikuwa ni nyumba yake aliyoiuza. Ibn Zubayr akasema ama Aisha ataacha, au yeye atamwekea hajri.

Hajri ni neno zito. Ni kumzuia mtu asitumie mali yake, kama anavyozuiwa safihi au mtoto mdogo. Bibi Aisha aliyesikia maneno hayo alikuwa ndiye mwalimu wa Masahaba katika elimu ya mirathi. Aliuliza kama kweli ni yeye aliyesema. Alipoambiwa ndiyo, aliweka nadhiri ya kutosema na Ibn Zubayr kamwe.

Siku zikapita, zikawa nyingi. Ibn Zubayr akatuma waombezi, akakataa. Hatimaye akawaendea watu wawili wa Bani Zuhra, Miswar bin Makhrama na Abdurrahman bin al-Aswad, akawaomba kwa jina la Allah wamwingize. Wakamfunika kwa mashuka yao, wakafika mlangoni, wakatoa salamu na kuomba ruhusa. Bibi Aisha akasema ingieni. Wakauliza, sote? Akasema nyote, naye hajui kuwa Ibn Zubayr yumo ndani ya shuka. Walipoingia, Ibn Zubayr akapita pazia, akamkumbatia mama yake mdogo, akalia na kumwomba. Wale wawili wakawa wanamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Yeye akilia, akisema ameweka nadhiri, na nadhiri ni jambo kubwa. Hawakuacha mpaka akasema naye. Kisha akakomboa watumwa arobaini kwa ajili ya nadhiri ile, na kila alipoikumbuka baadaye alilia mpaka mtandio wake ukalowa.

Baadhi ya wasimuliaji wa siku hizi hukitumia kisa hiki kufundisha ubaya wa kununiana, na ni kweli kimo humo. Lakini kilichoanzisha yote kilikuwa neno moja la kijana mwenye nia njema aliyedhani kwamba kwa kuwa anampenda mama yake mdogo basi ana haki ya kushika mkono wake. Sidhani kuwa Ibn Zubayr alitaka mali. Alichelea kuwa atabaki bila ya kitu. Watoto wetu wengi wanachelea hivyo hivyo. Na tukiangalia mwisho wa kisa, hatusikii kuwa Bibi Aisha alipunguza kutoa. Aliyebadilika ni mpwa. Ikiwa ile riwaya ya ngamia watano ndiyo sahihi, basi aliyetishia hajri ndiye aliyekuja kununua nyumba kwa bei kubwa na kumwacha akae ndani yake. Kama huo haukuwa uuzaji, ilikuwa ni namna nzuri sana ya kuomba radhi.

Hukumu kwa ufupi, kwani wazazi watauliza. Mtu akiwa na afya na akili timamu ana haki ya kutoa mali yake atakavyo. Akiwapa watoto, awafanyie uadilifu, kama ilivyokuja katika hadithi ya Nu'man bin Bashir. Akiwa katika maradhi ya mauti, atoacho hakizidi theluthi, na wasia nao ni hivyo hivyo, kama alivyoelekezwa Saad bin Abi Waqqas. Tofauti ya hali hizi mbili ndiyo faida ya kuipunguza nyumba mapema, mwenyewe akiwa amekaa katikati yake anasema hiki mpeni fulani, hiki kiacheni.

Baada yake

Bibi Aisha alifariki Ramadhani ya mwaka 58 H (678). Alikuwa amemwusia Ibn Zubayr asimzike pamoja na Mtume na wenzake wawili, bali Baqii, pamoja na wake wenzake, kwa kuwa hakutaka kutukuzwa kwa sababu ya mahali pale. Akazikwa usiku, na aliyemswalia ni Abu Huraira (R.A.).

Ile juba ya Mtume (S.A.W.) aliichukua dada yake Asmaa, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, na watu wa nyumba yake wakawa wanaifua na kuwapa wagonjwa maji yake kwa kutaraji shifaa. Asmaa alirithi pia shamba la Bibi Aisha huko Ghaba, ambalo Muawiya alimpa laki moja kwa ajili yake. Hilo naye hakulihifadhi. Aliwaambia Qasim na Ibn Abi Atiq kuwa ni lao wawili. Ibn Hajar ameeleza kuwa Qasim, yule mtoto aliyelelewa mle chumbani, hakuwa katika warithi, na shangazi yake akataka kumtuliza moyo.

Vyumba vyenyewe vilibaki vimesimama hadi mwaka 88 H (707), pale Khalifa Walid bin Abdulmalik alipoagiza kutoka Damascus vivunjwe na kuingizwa katika msikiti. Gavana wa Madina aliyetakiwa kutekeleza alikuwa Umar bin Abdulaziz. Ata al-Khurasani alihudhuria barua iliposomwa, akasema hakuwahi kuona siku yenye walio wengi kama ile. Said bin al-Musayyib alitamani vingeachwa kama vilivyo, ili kizazi kinachokuja na mgeni atokaye mbali waone Mtume (S.A.W.) alitosheka na nini katika maisha yake. Wakati wa ujenzi ukuta mmoja uliporomoka, mguu ukaonekana, watu wakafazaika wakidhani ni wa Mtume (S.A.W.). Urwa, aliyekuwa akiingia na kutoka mle tangu utoto wake, akawahakikishia kuwa ulikuwa mguu wa Umar.

Kazi ilimalizika mwaka 91 H (710). Umar bin Abdulaziz akakizungushia chumba cha Bibi Aisha ukuta wa pembe tano, ili kisifanane na Kaaba na mtu akakielekea katika swala. Chumba hicho ndicho kilichobaki mahali pake. Vyumba vya Sauda, Hafsa, Safiyya na wengineo vikawa sehemu ya msikiti, watu wanaswali juu yake.

Wallahu a'alam.